Mashuka Hayajifui

Kazi yangu ilikuwa kuchora kazi za watu wengine. Kwa kirefu ni kwamba nilikuwa mchambuzi wa taratibu za kazi katika idara ya rasilimali watu ya hospitali kubwa. Nilikaa na karani, na dereva, na muuguzi, nikamuuliza anaanzia wapi na anaishia wapi, kisha nikarudi mezani kuichora kazi yake kwa visanduku na mishale, ili mafundi wa kompyuta wajue mfumo wao unatakiwa ufanye nini. Ndiyo maana waliniita Mzee Mchoro. Jina hilo sikulichukia. Pale niliingia nikiwa tarishi wa masjala, nikibeba mafaili kifuani kama mtoto mchanga. Nikasoma shule ya jioni miaka kumi na mmoja, katikati ya vijana walionishinda hesabu nami nikawashinda subira, na nilipofika miaka hamsini na mitatu nikapewa meza, kompyuta na cheo. Nilipostaafu waliniita tena kwa mkataba. Katika nyaraka zote nilizotia sahihi haikurudishwa hata moja kwa kosa. Habari hiyo niliisema hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Kanuni yangu ilikuwa moja: usichore kazi usiyoiona kwa macho yako. Mtu atakwambia anavyopaswa kufanya, si anavyofanya. Ukitaka kujua ombi la likizo linapita wapi, achana na mwongozo. Ifuate ile karatasi yenyewe, meza hadi meza, mpaka uikute imewekewa chupa ya chai juu yake.

Kanuni hiyo niliivunja mara moja tu, mlangoni pa chumba cha kufulia.

Chumba hicho kiko chini kabisa, nyuma ya jenereta, mwisho wa korido isiyo na dirisha. Harufu yake inakupokea kabla hujakata kona: damu iliyolala, mkojo, usaha, na juu yake klorini inayochoma macho, vyote vimepikwa pamoja kwa mvuke. Nilisimama hatua sita kutoka mlangoni, kitambaa changu cha mfukoni nimekibana puani. Msimamizi wa pale, mwanamke mnene wa makamo wanayemwita Mama Mvuke, alitoka akijifuta mikono kwenye aproni.

"Karibu ndani, mzee."

"Hapa panatosha, mama. Nina maswali machache tu."

"Maswali yako ni ya kazi?"

"Ya kazi."

"Basi hapatoshi. Kazi iko ndani."

Sikuingia. Nilimuuliza wako wangapi, akasema wafuaji kumi na yeye wa kumi na moja. Wanaingia saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi. Wanatia sahihi wapi? Kwenye daftari. Nilimaliza kwa dakika kumi, na katika waraka wangu wa mahitaji ya mfumo, ukurasa wa kumi na nne, niliandika: *Kila mfanyakazi ana angalau kidole kimoja kinachosomeka. Katika idara zote, mashine ya vidole itachukua nafasi ya daftari.* Niliisoma sentensi hiyo mara mbili kwa kuipenda. Nilipofika ghorofani nikagundua kitambaa changu sina. Kurudi kukitafuta sikurudi.

Mashine zikafungwa kila idara. Mfanyakazi anabonyeza namba yake, anaweka kidole, na mashine inampiga kipicha kidogo. Kipicha kilikuwa wazo langu, ili mtu asije akamsainia mwenzake.

Haijapita hata miezi miwili, ripoti ya mahudhurio ikaleta kioja. Jumatatu moja wafuaji wote kumi hawakufika kazini. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano wakarudi wote, mmoja baada ya mwingine, ndani ya dakika tatu. Nikajiuliza ni ugonjwa gani huu unaoikamata idara nzima na kuiachia saa ile ile. Nikafungua vipicha. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga kitambaa cha kichwa chenye maua. Wa pili alikuwa yeye. Wa tatu yeye. Nikaenda mpaka wa kumi: sura ile ile, maua yale yale. Kwenye kile cha kumi alikuwa anacheka.

Sitadanganya. Nilipanda ngazi mbili mbili kumpelekea mkuu wa idara, na magoti yangu haya.

Mkuu wetu tulimwita Bwana Maboresho, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Alikuwa na tabia moja iliyonikosesha hamu ya chakula mwaka mzima: akifikiri, anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, anakitazama alichokipata kwa makini kama mtu anayesoma barua, kisha anakipangusa chini ya meza. Siku ile alichokonoa masikio yote mawili.

"Tisa!" akasema. "Mmoja wa kweli na tisa hewa! Mzee Mchoro, unajua hii ni nini?"

"Najua ni vipicha kumi vya mtu mmoja."

"Haya ndiyo maboresho yenyewe! Hospitali ya jirani walifichua wafanyakazi hewa wanne, majina matupu yanayokula mshahara, wakaandikwa mpaka magazetini. Sisi tisa!"

Hapo furaha yangu ikaanza kuingia mchanga. Nikamwambia, "Kuna jambo moja. Jumatatu ile stoo ilipokea mashuka safi mia sita na arobaini. Kama tisa ni hewa, na wa kumi hakufika, nani aliyafua?"

"Yule msimamizi analeta vibarua wa mtaani."

"Nimeangalia kitabu cha getini. Hakuna kibarua aliyeingia."

"Basi alifua mwenyewe."

"Mashuka mia sita?"

"Mzee, mashine imeshasema. Wewe ndiye uliyetuambia mashine haina shangazi wala mjomba. Sasa unataka kuitafutia ukoo?"

Simu alikuwa ameshainyanyua. Nikiwa bado nimesimama pale, alimwambia mwenyekiti wa bodi kwamba idara yake imefichua wizi mkubwa, na kwamba Ijumaa, mbele ya kikao, majina tisa yatafutwa, na Mama Mvuke na yule mwanamke wa vipicha watakabidhiwa polisi. Akaweka simu chini. Akanizunguka, akanipigapiga mgongoni.

"Na wewe Ijumaa hiyo hiyo unapewa cheti chako cha utumishi bora. Cha fremu. Mlete na mama wa nyumbani ajionee."

Mkono alionipigia ndio ule wa kifuniko. Nilitoka nikajisugua koti ukutani kama mbuzi mwenye upele.

Swali la mashuka halikuniacha. Mashuka hayajifui. Saa nane mchana, siku hiyo hiyo ya Jumatano, niliteremka. Nilipokata kona ya jenereta ile harufu ikanipokea, nikaingiza mkono mfukoni kwa mazoea, nikautoa mtupu. Mama Mvuke alikuwa mlangoni anahesabu matita.

"Leo huna kitu puani?" akaniuliza.

"Leo nataka kuingia."

Akanitazama juu mpaka chini, akasogea.

Ndani kulikuwa na mlima. Sijui namna nyingine ya kuueleza: mlima wa mashuka machafu, umefika kimo cha mtu, umelowa, unachuruzika kijimto chembamba kuelekea mferejini. Wanawake wanne walikuwa wanauchambua kwa mikono, la damu huku, la kinyesi kule, la chumba cha upasuaji kwenye pipa lake. Wengine walikuwa kwenye mabeseni ya klorini, mikono imezama mpaka viwiko.

"Glavu hamna?" nikauliza.

"Ziliisha mwaka juzi," akajibu mmoja. "Kwenye kompyuta zipo. Ukienda stoo unaonyeshwa kwenye kioo."

"Na humo kwenye mashuka mnakuta nini?"

"Uliza tusichokuta, babu. Sindano. Meno ya bandia. Juzi tumekuta kondo la nyuma, limekunjwa vizuri kama maandazi."

Nikashika ukuta, na ukuta nao ulikuwa unateleza.

"Mzee, ukitaka kutapika ndoo ile pale," akasema Mama Mvuke. "Ila usitutapikie safi, tumetoka kuyakunja."

Wakacheka. Nilimeza nilichokuwa nacho nikabaki nimesimama, maana kutapika mbele ya wanawake kumi na mmoja ni jambo ambalo shule ya jioni haikunifundisha. Nikawahesabu. Walikuwa kumi, na Mama Mvuke wa kumi na moja. Hewa sikuiona. Yule mwenye kitambaa cha maua alikuwa kwenye meza ya kukunja.

"Nataka mmoja wenu aweke kidole kwenye mashine," nikasema.

Mkubwa wao, mwanamama mrefu mwenye mvi wanayemwita Shangazi, akajifuta kidole, akakiweka. Mashine ile ina sauti ya binti mlaini. Ikasema, "Tafadhali, jaribu tena." Akaweka kingine. Mara ya pili wafuaji wote waliitikia pamoja nayo, wakibana pua kuiga sauti yake: "Tafadhaaali, jaribu tena!" Mara ya tatu walipiga na makofi.

Nikauchukua mkono wa Shangazi nikaupeleka penye mwanga. Kiganja kilikuwa kimepasuka kama tope la kiangazi, lakini ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, kama upande wa ndani wa ganda la yai. Hakukuwa na mistari. Klorini ilikuwa imeila yote. Nikachukua mkono wa pili, wa tatu, wa nne. Nilizunguka ule mlima na mabeseni yote nikishika mikono ya watu kama mgombea wa uchaguzi, na kila mmoja ulikuwa hivyo hivyo.

"Mlifanyaje basi?"

Mama Mvuke akaketi juu ya tita. "Walituletea mashine wakatuambia asiyesajiliwa kufika Ijumaa hana kazi. Nikapiga simu juu. Wakasema wapake mafuta. Tukapaka, mashine ikateleza; gumba langu tu ndilo lililokubali. Nikapiga tena, akapokea kijana mmoja, akasema wanawe mikono kwanza. Nikamwambia, mwanangu, hawa tangu asubuhi wanafanya nini? Mara ya tatu wakaniambia nisirudie kupiga. Sasa huyu," akamwonyesha mwenye maua, "ndiyo kwanza alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka stoo. Alikuwa na wiki mbili tu. Akaweka kidole, mashine ikapokea, ikamwambia na asante; tangu hapo hagusi klorini, anakunja tu. Mungu kampa vidole kumi na wafuaji ni kumi. Ulitaka nifanye nini, nimrudishie Mungu tisa?"

Mwenye maua akanyoosha mikono yake mbele yangu kama anayeuza ndizi. "Gumba la kulia ni langu mwenyewe. Cha shahada ni cha Shangazi. Cha kati cha yule pale. Hiki kidogo cha kushoto cha yule mfupi, kila siku ananung'unika kwamba amepunjwa."

"Nimepunjwa kweli," akasema mfupi.

"Na siku zile mbili ambazo hukufika?"

"Babu, niliugua kwa niaba ya watu kumi. Homa yenyewe ilichoka."

Safari hii nilicheka pamoja nao. Kisha nikawaambia habari ya Ijumaa: majina tisa, polisi, kila kitu. Mwenye maua akairudisha mikono yake ndani ya aproni, polepole, kana kwamba kuna mtu aliyekuja kuichukua.

"Mimi ni hewa?" Shangazi akauliza. Akajipiga nyonga. "Na uzito huu? Mume wangu akisikia atasema miaka yote amelala na upepo." Lakini hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamuuliza Mama Mvuke. "Nilipokuja kuuliza?"

"Nikuambie ukiwa wapi?" akasema. "Wewe ulikuwa kule koridoni."

Kutoka pale nilipanda moja kwa moja kwa Bwana Maboresho. Nilimkuta anakula karanga. Nilimweleza yote: klorini, simu tatu, vidole kumi. Alisikiliza huku akitafuta ganda la karanga katika jino la nyuma kwa ukucha.

"Kwa hiyo ni watu wa kweli," nikamaliza. "Twende ukawaone. Dakika tano."

"Kule chini? Mzee, mimi nina mzio wa harufu kali."

Nilimchukia kwa neno hilo mpaka meno yakaniuma. Kisha nikakumbuka hatua zangu sita na kitambaa changu, nikaona kwamba mbele yangu ameketi mtu mwenye pua yangu.

Akavuta waraka wangu wa mahitaji kutoka kwenye kabati, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kumi na nne. Alama ya mate ilibaki kwenye kona ya karatasi.

"Soma hapa. *Kila mfanyakazi ana angalau kidole kimoja kinachosomeka.* Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Mimi nimeshamwambia mwenyekiti tisa. Sitampigia kumwambia samahani mama, ni sifuri. Labda awepo mtu mwingine wa kuikana ripoti, na mimi simwoni." Akatema ganda kiganjani. "Tuongee kiutu uzima. Ama wale wanawake ni hewa, ama waraka wako ndio hewa. Ijumaa utaamua mwenyewe unapokea nini."

Nyumbani, mke wangu alinizuia mlangoni.

"Unanuka nini?"

"Kazi."

"Kazi yako siku zote hunuka wino. Hii ni kazi ya nani?"

Nikamweleza tukiwa tumekaa uani, koti langu ameshalitundika mbali kwenye kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Na mimi nimeshapiga msumari ukutani," akasema. "Wa cheti."

"Tundika kalenda."

"Kwa hiyo utasema umekosea?"

Nikalitazama koti langu kwenye kamba.

"Baba watoto, huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu unioe, na neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwako. Ulipomkanyaga kuku wa jirani ulisema kuku ndiye aliyekosea njia. Ijumaa nitakuja. Si kwa ajili ya cheti."

Marekebisho yangu niliyaandika siku iliyofuata. Yalikuwa nusu ukurasa, nami niliyaandika mara sita. Kila mara niliona sentensi fulani imejipenyeza, kwamba muda ulikuwa mfupi, kwamba mafundi hawakunishauri, kwamba msimamizi hakusema. Kila moja ilikuwa na ukweli kidogo, na kila moja ilinuka kuliko lile pipa la chumba cha upasuaji. Nilizifuta zote.

Ijumaa kikao cha bodi kilijaa. Mwenyekiti alikuwa mama mzee, mkunga mstaafu, mwenye miwani mizito. Bwana Maboresho alikuwa amevaa suti mpya na amepanga vipicha kumi ukutani, vikubwa kama matangazo ya mazishi. Cheti changu kilikuwa mezani ndani ya fremu ya dhahabu. Mke wangu aliketi safu ya nyuma, mkoba magotini. Ilipofika zamu yangu niliitwa kwa jina langu kamili na cheo changu, na watu wakapiga makofi.

Nilimfungulia mlango Mama Mvuke. Aliingia amebeba mashine ya vidole, tuliyoing'oa ukutani asubuhi hiyo kwa bisibisi yangu, na nyuma yake Shangazi, amevaa gauni lake la Jumapili.

Nikasoma. "Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa pili, si kweli. Niliuandika bila kuingia katika chumba cha kufulia. Sikuingia kwa sababu niliona kinyaa. Wafuaji tisa walioitwa hewa ni watu wa kweli, na wapo kazini hivi sasa. Kosa ni langu peke yangu." Nikataja jina langu.

Bwana Maboresho alikuwa ameinuka nusu. Mwenyekiti alimwashiria akae. Nikaichomeka mashine kwenye umeme, nikaiweka kwenye usajili, nikamwomba mwenyekiti aweke kidole chake. Akaweka. "Asante, alama imepokelewa," ikasema. Kisha Shangazi akaanza na gumba la kulia.

"Tafadhali, jaribu tena."

Cha shahada. "Tafadhali, jaribu tena." Mjumbe mmoja alicheka. Shangazi akaenda kidole kwa kidole, bila haraka, uso mkavu, na kile kisauti kitamu kikamwambia vile vile. Ilipofika mara ya saba yule mjumbe alikuwa anatazama viatu vyake. Ya kumi ilipokwisha, mwenyekiti alivua miwani, akauvuta mkono wa Shangazi karibu na macho yake, akaupapasa kama anayepapasa tumbo la mjamzito.

"Huyu ndiye hewa?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonichafua roho kuliko kondo la nyuma. Bwana Maboresho akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatabasamu. "Mheshimiwa mwenyekiti, nakushukuru. Hiki ndicho idara yangu ilichotaka bodi ikione. Ukaguzi wetu wa ndani umebaini upungufu wa mchambuzi wa mkataba, na leo, kwa uwazi kabisa, tumemleta aukiri mwenyewe. Haya ndiyo maboresho." Alisema hivyo bila kupepesa jicho, vipicha vyake kumi vikiwa bado ukutani nyuma yake. Na watu wakapiga makofi. Baadhi yao walikuwa wale wale walionipigia mimi.

Ningeweza kumbishia. Nilimtazama mwenyekiti, hakuwa amepiga makofi, alikuwa anaandika. Akasoma alichoandika: majina tisa yabaki, hakuna polisi, daftari lirudi chumba cha kufulia, glavu zipelekwe. Nikaona nikibishana juu ya nani aliyegundua nini, yale majina tisa yatarudi mezani. Nikafunga mdomo. Maneno niliyoyameza pale yamenikwama kama ganda la karanga mpaka leo.

Fremu ile nzuri nasikia sasa ina picha ya Bwana Maboresho. Mkataba wangu uliachwa uishie mwisho wa mwezi, na katika siku zilizobaki nikatakiwa nirekebishe ukurasa wa kumi na nne. Mke wangu alinipita mlangoni akaniambia polepole, "Leo hata kuku wa jirani atalala vizuri," akaenda zake nyumbani.

Niliteremka na Mama Mvuke, tukisaidiana kubeba mashine. Hakuniambia asante, nami sikuingoja. Tulipofika kwenye korido, pale pale hatua sita kutoka mlangoni, akaniambia nisubiri. Akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa kwa gazeti. Kilikuwa kitambaa changu cha mfukoni. Kimefuliwa, kimepigwa pasi ya mvuke, kimekunjwa mraba mdogo kama mashuka ya wagonjwa.

"Ulikiangusha siku ile ulivyokuwa unakimbia," akasema. "Shangazi alitaka tukitie kwenye ndoo ya kudekia. Nikasema hapana, mwenyewe atarudi."

"Mliniona?"

"Mzee, mtu aliyeziba pua anadhani na wenzake wameziba macho. Tulikuona wote."

Niliushika mkono wake na kile kitambaa humo humo. Ulikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki.

"Haya," akasema, akiusukuma mlango kwa nyonga. "Ulisema una maswali. Kazi iko ndani."

Harufu ilikuwa ile ile, haikupungua hata chembe. Nilikitia kitambaa mfukoni, nikashika karatasi kwa mkono mmoja na penseli kwa mwingine, nikaingia.